Orodha Iliyoishia Herufi Z

Ijumaa, tarehe 11 Novemba 1983. Mvua ya vuli ilinyesha rasharasha tangu alfajiri, ikakatika saa moja, na fukuto likapanda kutoka ardhini hata shuka zilizoanikwa uwani zikakataa kukauka.

Aliyeikosa sehemu ya wiki iliyopita nampa kwa ufupi.

Mimi naitwa Josepha. Nina miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Kibosho, mpangaji wa Magomeni. Kwenye kituo chetu cha kompyuta nilianza kwa kuchemsha chai. Kusoma nilijifunza ukubwani, nikaendelea na masomo ya jioni pale Ilala, mpaka nikaingizwa kwenye chumba cha kompyuta. Kwanza nilitoboa kadi, zile za karatasi ngumu ambazo mashine husoma matundu yake, baadaye nikaandika programu.

Kituo chetu ndicho kilichopewa kazi ya kutoa orodha ya watu wenye ajira. Msako wa wazururaji ulipoanza, vitambulisho vilikuwa bado havijagawiwa kwa wote. Aliyekamatwa bila kitambulisho alitafutwa kwenye orodha yetu. Jina likiwamo, anarudi kwake. Lisipokuwamo, anapanda lori kwenda kulima mikoani.

Bakili ni mpangaji mwenzangu, milango yetu inatazamana. Ni mchukuzi wa soko la Kariakoo, mwanachama wa ushirika wao mwaka wa kumi na moja sasa. Nilipokuwa najifunza kusoma aliniletea barua za ushirika nizisome kwa sauti, na nilipokwama alijifanya anakohoa.

Jumatano mgambo walifika sokoni, upande wa kushushia ndizi. Wenzake waliokuwa karibu na ukuta waliruka. Yeye alisimama na mkungu begani.

"Mimi sikimbii," akasema. "Jina langu limo kwenye kompyuta. Kamuulizeni dada Josepha."

Waliangalia. Halikuwamo.

Maneno yale nilimpa mimi. Nilimwambia uwani, mbele ya mkewe: "Usiwe na wasiwasi, Bakili. Umo."

Hapo ndipo nilipoishia. Sasa nasema yaliyofuata, na nayasema kwa aibu.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa mkewe, Zena, aligonga mlango kabla sijamaliza rozari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umelala?"

"Kulala kwa nani? Wako thelathini na saba uwanjani Ilala, wote watu wa ushirika, na nimeambiwa lori ni kesho asubuhi." Mkononi alikuwa na kanzu nyeupe, imepigwa pasi. "Leo Ijumaa. Nampelekea avae. Dada, wewe si ndiye unayeijua hiyo mashine? Iulize basi mume wangu kaikosea nini."

Nilivaa viatu nikatoka bila kunywa chai.

Kituoni nilimkuta Celina, mtoboaji kadi mwenzangu, mama wa watoto watatu, anakausha nywele kwa khanga.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nimetoka foleni ya sabuni. Nimepata kipande, na mvua imekwisha kukinyonya nusu."

"Celina, nisaidie kutafuta kadi ya Bakili. Nahofia alirukwa wakati wa kutoboa."

"Alirukwa na kidole cha nani? Changu?"

"Sijasema chako."

"Haya. Tafuta."

Tulifungua droo ya mwisho. Kadi ya Bakili ilikuwapo. Niliinua dirishani nikasoma matundu moja moja kama ninavyohesabu punje za rozari. Jina sawa. Kata sawa. Namba sawa: 14/0386.

"Haina kosa," nikasema.

"Nilikwambia."

Moyo wangu ulipaa. Nilidhani basi kosa ni la mgambo, wamesoma vibaya. Nilichukua nakala yetu ya orodha, ile ya kaboni, nikaenda ukurasa wa mwisho kumtafuta.

Bakili hakuwamo.

Celina akaja begani kwangu. "Na mwenzake aliyemtangulia kwenye droo? Kumi na nne, sifuri tatu nane tano?"

Hakuwamo.

"Aliyemfuata?"

Hakuwamo.

"Josepha," akasema taratibu, "hebu tazama jina la mwisho kabisa."

Jina la mwisho lilikuwa la mpishi mmoja wa zahanati, namba Z 0091. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe. Orodha iliishia herufi Z. Waliokuja baada ya Z hawakuwamo hata mmoja.

Nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa nimeelewa.

Nieleze taratibu, maana ndipo ilipo dhambi yangu.

Mashine yetu ya zamani ilikufa mwezi wa Agosti kwa kukosa kipuri, na fedha za kigeni za kukiagiza hazikupatikana. Tukaazima muda wa saa mbili kila Jumanne kwenye mashine ya shirika jingine karibu na bandari. Ile ni ya kampuni nyingine, imetoka nchi nyingine. Wakubwa waliogopa kwamba programu zetu zitagoma.

Nikasimama mkutanoni, mimi niliyekuwa napeleka chai kwenye mikutano hiyohiyo, nikasema, "Hazitagoma. Zimeandikwa kwa Kobol. Lugha hii imetungwa ili programu moja ifanye kazi kwenye mashine yoyote."

Wakanipigia makofi.

Mwalimu wetu wa jioni, mzee Vitalis, ndiye aliyetufundisha hivyo. Lakini aliongeza maneno ambayo sikuyaandika kwenye daftari: "Lugha ni moja, ila kila mashine ina mazoea yake. Msihamishe kitu bila kukipima."

Mazoea yenyewe ni haya. Mashine ya zamani ilihesabu herufi kuwa ndogo kuliko tarakimu: A mpaka Z, kisha sifuri mpaka tisa. Ya kuazima ni kinyume. Kwake tarakimu ndizo ndogo, herufi ndizo kubwa.

Kadi zetu zilipangwa kwa mazoea ya zamani. Watu wa viwanda na wizara walitangulia, maana namba zao huanza na herufi. Mwisho wa droo ndipo walipokaa watu wa ushirika, wachukuzi, mafundi viatu, mafundi cherehani, waliosajiliwa kwa kata. Namba zao huanza na tarakimu.

Nami niliweka sharti kwenye programu: kadi ikija na namba ndogo kuliko ya mwisho iliyopokewa, imewekwa pasipo pake, iachwe. Kwenye mashine ya zamani sharti hilo lilikuwa mlinzi mzuri. Kwenye ya kuazima, kadi ya kwanza ya ushirika ilipofika baada ya Z, mashine iliiona ndogo. Ikaiacha. Ikaacha ya pili. Ikaacha zote mia nne kumi na nane, bila kelele.

Bila kelele, kwa sababu kelele niliizima mimi. Zamani kila kadi iliyoachwa ilichapwa kwenye ukurasa wa nyuma. Agosti tulibakiwa na maboksi mawili ya karatasi, nikaufuta ukurasa ule ili kubana matumizi. Kwa hilo pia nilipigiwa makofi.

Na kupima? Nilipima kwa kadi kumi. Nilizichota juu ya droo, zote za kiwanda cha nguo. Zikapita. Nikapiga magoti nyuma ya mashine, nikasali kumi moja la rozari, nikaandika kwenye fomu: Imehakikiwa. Josepha.

Nilisali badala ya kufanya kazi ambayo Mungu alikuwa amenipa mikono niifanye.

"Mia nne kumi na nane," Celina akasema. Sabuni yake ilikuwa imeacha povu kwenye meza. "Inuka. Twende kwa Ndugu Onesphory."

"Nitakwenda peke yangu."

Meneja wetu, Ndugu Onesphory, alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alifunga mlango, na hilo lilinitisha kuliko hasira.

"Nani mwingine anajua?"

"Celina. Lakini kosa ni langu, Ndugu Meneja. Naomba tupate mashine leo hii, tupange kadi upya, tutoe orodha sahihi."

"Mashine ni Jumanne."

"Lori ni kesho."

"Najua lori ni lini." Akavua miwani, akaifuta. "Ndugu Josepha, mwaka huu mtu aliyeharibu kazi ya umma anaitwaje?"

Nilitazama mlango uliofungwa.

"Anaitwa mhujumu. Jina hilo likishakuganda halitoki hata kwa sabuni, na sabuni yenyewe hakuna. Fomu ina sahihi yako. Chini yake ipo yangu."

"Kuna watu thelathini na saba uwanjani, Ndugu."

"Wewe unamtaka nani?"

"Nini?"

"Ninauliza unamtaka nani. Una jirani yako mle, nimesikia."

Nikasema jina. Mungu anisamehe, nililisema upesi.

Aliingia kwa karani wa taipu, akarudi na barua yenye muhuri. Barua ilisema kwamba Ndugu Bakili, mchukuzi, hakuonekana kwenye orodha kwa uzembe wa mtoboaji kadi, Ndugu Celina. Ilisema kwamba majina mengine yote yamehakikiwa na hayana kasoro. Chini kulikuwa na mstari: Shahidi.

"Celina hajakosea," nikasema.

"Celina huchelewa kazini kila wiki, jambo linajulikana. Atapewa onyo, yataisha."

"Lakini ni uongo."

"Basi iache. Nenda kamwambie mkewe kwamba ulipata barua ukaiacha mezani."

Nilishika kalamu. Nilianza Salamu Maria moyoni nikaikata katikati, maana sikutaka anione. Nikatia sahihi.

Ndugu Onesphory alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha kadi. Nilisikia kabati la droo linafungwa. Akarudi anatia ufunguo mfukoni mwa shati, akaufungia kifungo.

"Kadi zitapumzika mpaka Jumanne," akasema. "Nenda salama."

Celina alikuwa mlangoni pa ofisi yetu. "Amesemaje?"

"Amenipa barua ya Bakili."

"Alhamdulillahi, wewe Mkatoliki!" Akacheka, akanishika mabega. "Na wengine?"

"Bado."

Alinipa nusu ya kile kipande cha sabuni, kwa ajili ya Zena, amfulie mumewe akitoka. Nilikipokea. Nilikifunga kwenye leso yangu, pamoja na barua iliyomtaja yeye.

Uwanja walikowekwa uko Ilala, umezungushiwa seng'enge, na malori mawili yalikuwa tayari yameegeshwa ndani. Nje walikaa wanawake na vyungu vyao vya chakula. Wengine walikuwa wanasuka nywele za wenzao, maana kusubiri nako kunahitaji kazi ya mikono.

Zena aliniona kwa mbali, akaja mbio na ile kanzu.

"Umepata?"

"Nimepata."

Alipiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo kwa aibu ya wenzake.

Msimamizi wa zamu alikuwa Sajini Marcelino, mtu wa makamo, mpole wa sauti. Alisoma barua mara mbili.

"Bakili!" akaita. "Mchukuzi! Njoo getini."

Bakili alitoka katikati ya watu, ndevu zimemchipuka, shati lina utomvu wa ndizi wa Jumatano. Aliponiona uso wake ukafunguka.

"Mchaga wangu! Nilijua! Nyie hamwachi kitu chenu kiende bure!"

"Pole, Bakili."

"Pole ya nini? Nimepata mapumziko. Siku tatu sijabeba hata embe."

Nyuma yake mafundi viatu wa Mchikichini walikuwa wamesogea kwenye waya. Mmoja wao, mzee Gaudens, mwenye mguu mfupi, alipaza sauti.

"Nenda, Bakili! Wewe una dada wa kompyuta. Sisi dada zetu wanakaanga vitumbua!"

Watu wakacheka. Bakili naye alicheka, lakini kidogo. Akageuka kuwatazama, kisha akanitazama mimi.

"Na hawa, dada?"

"Pita kwanza," Zena akamwambia. "Pita, baba Sofia! Geti limefunguliwa, unauliza habari za watu!"

Akapiga hatua ya kwanza. Akapiga ya pili. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje ya geti, na Zena alikuwa amemrushia kanzu begani, wakati sajini aliposema, "Ngoja."

Aliinua barua.

"Hapa pameandikwa majina mengine yote yamehakikiwa. Humu ndani nina watu thelathini na sita wengine. Kila mmoja ananiapia kwamba ana kazi, ana ushirika, ana mwenyekiti. Nimewaambia kompyuta haiwajui. Wewe mama ndiye shahidi wa barua hii?"

"Ndiyo, afande."

"Na ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo."

"Mimi kompyuta sijaiona hata kwa macho. Nakuuliza wewe uliyeiona. Hawa wengine ni wazururaji kweli? Ndiyo au hapana, niandike, nifunge daftari."

Mwanamke aliyekuwa anasuka aliacha kitana ndani ya nywele.

Bakili alinitazama, na Zena alinitazama. Nilijua nikisema ndiyo, Bakili anakwenda nyumbani kula chakula cha mchana. Neno moja tu, fupi, ambalo hata mtoto hulitamka.

Nilishika leso yangu. Sabuni ya Celina ilikuwa imelowa, imeanza kuteleza vidoleni.

"Hapana," nikasema.

"Sema tena."

"Hapana, afande. Si wazururaji. Wote wana kazi. Wote kadi zao zipo."

Sajini alikunja barua taratibu kwenye mkunjo wake uleule. "Basi barua hii inasema uongo."

"Ndiyo."

"Na barua ya uongo haimtoi mtu." Akamshika Bakili bega, bila nguvu. "Rudi ndani, ndugu yangu."

Bakili alirudisha mguu wake. Geti likafungwa.

Zena alinirukia. Hakunipiga. Alinishika nguo kifuani akanitikisa kama anayekung'uta mkeka.

"Umemrudisha! Kwa mdomo wako! Alikuwa nje, Josepha! Alikuwa nje!" Hakuniita dada.

"Zena, nisikilize..."

"Nikusikilize? Yeye si alikusikiliza? Wenzake waliruka ukuta, yeye akabaki kwa sababu alikusikiliza wewe!"

Wanawake wakamwondoa. Sikuwa na machozi. Nilitamani ardhi ile iliyolowa ifunguke.

Sajini alivuta kalamu. "Mama, umesema maneno mazito, na mimi maneno siyapokei. Lori la kwanza linawashwa kesho saa mbili asubuhi. Una karatasi gani?"

"Sina karatasi. Zipo kadi."

"Kadi za kompyuta?"

"Kila moja imechapwa jina juu, kwa herufi za kawaida. Hata usipoyajua matundu utasoma. Namba, kata, ushirika."

"Ziko wapi?"

Nikauona akilini ule ufunguo wa kabati, ndani ya mfuko wa shati la meneja, nyuma ya kifungo.

"Kazini," nikasema.

"Na kosa lilikuwa la nani? Hapa ameandikwa Celina."

Watu walikuwa wamekwisha kusogea mpaka kwenye waya, ndani na nje. Mzee Gaudens alivua kofia yake, sijui kwa nini. Bakili alikuwa amesimama na kanzu ikining'inia begani kama nguo ya mtu mwingine. Akasema kwa sauti ndogo, lakini wote tukaisikia:

"Dada, safari hii usiniambie nisiwe na wasiwasi."

"Sikuambii," nikamjibu.

Kisha nikamgeukia sajini, nikapaza sauti mpaka waliokaa kwenye matairi ya lori wakainuka.

"Andika, afande, na ninyi nyote mnisikie. Celina hajakosea. Aliyewaacha nje ya orodha ni mimi, Josepha, na sahihi ni yangu. Kesho kabla ya saa mbili nitakuwa hapa getini na droo ya kadi, zote mia nne kumi na nane, na nitazisoma moja moja kwa mdomo huu uliomrudisha Bakili ndani. Nisipofika nazo, mahali pake kwenye lori napanda mimi."